Mtoto asiyesumbua

Kuna mtoto nilikaa naye darasani miezi minne na kila nikiulizwa habari zake najibu haraka haraka, huyo hana shida kabisa, huyo malaika. Miaka mitatu na ushee hivi. Anakaa anapoambiwa akae, hagombani na mtu, asubuhi akiachwa mlangoni halii, wenzie wakiitwa kunawa mikono yeye anawaangalia kwanza alafu anawafata kwa nyuma. Na kama ushawahi kushika darasa la watoto wadogo unajua, mtoto wa namna hiyo unamshukuru Mungu, manake kuna mmoja anang'ata, mwingine kapanda dirishani, mwingine kavua nguo zote, kwa hiyo macho yako yote yanaenda kule kwenye kelele na yule aliyetulia unampita tu kama unavyopita kiti kilichokaa mahali pake.

Alafu uongozi ukasema tuanze kufanya uchunguzi wa awali wa ukuaji, wengi tunaita skriningi, kwa kila mtoto. Sio wale tunaowatilia shaka, wote. Mi nilianza na watatu niliokuwa nawawazia siku nyingi, huyu binti nikamweka mwisho kabisa wa listi kwa sababu nilishajua majibu yake.

Kuna kipengele kinataka umpe mtoto maagizo mawili kwa mpigo bila kumwonyesha kitu kwa kidole wala kwa macho. Nikaweka mikono nyuma, nikamwambia, chukua kikombe ukakiweke chini ya kiti. Akaniangalia usoni. Akashusha macho akaitafuta mikono yangu, haipo. Akageuka kutafuta mwenzie wa kumwangalia, na pale tulikuwa wawili tu. Akatabasamu. Akabaki hivo hivo anatabasamu, na mi pale chini nilipopiga magoti moyo ukanishuka, manake ndo nikaelewa kwamba kwa miezi minne yote huyu mtoto alikuwa hanisikii vizuri, alikuwa anasoma mikono yangu na anafata migongo ya wenzie.

Mama yake alijaza fomu yake nyumbani peke yake na alama za eneo la mawasiliano zikatoka chini ya mpaka, yaani ile alama ambayo mtoto akiwa chini yake anatakiwa aangaliwe zaidi, sawa na zangu. Tukaandika rufaa, masikio yakapimwa, ikaonekana kuna majimaji yamejaa nyuma ya ngoma za masikio yote mawili. Ni kitu kinawapata watoto wadogo wengi sana, mara nyingi hakiumi, hakitoi usaha, siku nyingine mtoto anasikia na siku nyingine sauti zinamfikia kama za mtu anayeongea chini ya maji, ndo maana nyumbani hawakuona na shuleni hatukuona. Kikatibiwa. Lakini ile miezi minne ilishapita, na kwa umri ule miezi minne sio kidogo, ndo wakati ambao mtoto anaokota maneno mapya kila siku iendayo kwa Mungu.

Kwa hiyo leo nataka niongee hii habari ya kupima ukuaji wa watoto kwenye vituo na madarasa yetu ya awali, na nitaongea kama mtu anayeifanya, sio kama mtu anayetoa semina.

Kwanza tuweke maneno sawa manake hapa hata sisi walimu tunachanganya. Kuna ufuatiliaji, hii ni ile kazi ya kila siku, unaangalia mtoto anavyocheza, unaandika kwenye daftari, unaweka michoro yake kwenye faili, na hiyo ndo inakusaidia kupanga wiki ijayo umfundishe nini na umfundisheje. Kuna skriningi, kipimo kifupi cha dakika kumi mpaka ishirini, maswali yale yale kwa kila mtoto wa umri ule, na kinajibu swali moja tu, je, kuna haja ya kumwangalia huyu zaidi au tuendelee kama kawaida? Basi. Hakisemi mtoto ana nini. Alafu kuna tathmini yenyewe, hii ya kina, anaifanya mtu aliyesomea au timu nzima, mtu wa masikio, mtu wa usemi, mtu wa viungo, daktari wa watoto, mwanasaikolojia, na hao ndo wanaweza kukuambia tatizo ni hili na msaada wake ni huu. Mwalimu anayechukua fomu ya skriningi na kutangaza kwamba mtoto ana usonji (autism) amefanya kosa kubwa, na hilo kosa nimeliona kwa macho yangu, mzazi katoka pale hajui hata njia ya kwenda nyumbani.

Vipimo vyenyewe vipo vingi. Mmoja wa zamani unaojulikana sana ni ule wa Denver, uliotolewa mwaka 1967 na William Frankenburg na Josiah Dodds, na ukifungua kile kikasha chake unakuta vitu vya kawaida kabisa, kifundo cha sufi nyekundu, kengele ndogo, vitofali vya rangi, kichupa, mpira, penseli. Huu anafanya mtu mzima na mtoto ana kwa ana. Alafu kuna njia nyingine ya kumuuliza mzazi, na hapa ndo kuna Ages and Stages ambayo mi nimeizoea zaidi. Toleo la tatu lina fomu 21, kuanzia mtoto wa mwezi 1 mpaka miezi 66, na kila fomu ina maswali 30 kwenye maeneo matano, mawasiliano, misuli mikubwa, misuli midogo, kutatua matatizo, na kujihudumia pamoja na kuhusiana na watu. Sita sita kila eneo. Mzazi anajibu ndiyo, mara nyingine, au bado. Ndiyo ni alama 10, mara nyingine 5, bado ni 0, kwa hiyo eneo moja likijaa ni 60. Hilo neno "bado" nalipenda sana. Halisemi hawezi. Linasema bado, na mzazi akilisoma anaona kuna kesho.

Watu huniuliza, sasa mzazi si atadanganya? Si atampendelea mwanae? Mi nilikuwa nafikiri hivo hivo. Lakini mzazi ukimuuliza kitu anachokiona kila siku, kwa maneno ya wazi, anajibu vizuri kuliko unavyodhani, manake humwulizi kama mwanae ana akili, unamwuliza kama mwanae akiokota kitu kidogo anakiokota kwa kiganja chote au kwa ncha ya kidole gumba na kidole cha shahada. Anaenda anaangalia. Kuna mama aliniambia alikaa sakafuni nusu saa anamwangalia mwanae wa miezi kumi anafukuza chembe, mara ya kwanza anaisukuma kwa kiganja inakimbia, mara ya pili vidole vyote vitano vinafunga kama kijiko, alafu mara kidole gumba kikakutana na kile cha pili na chembe ikanyanyuka, na yeye mama akapiga makofi peke yake nyumbani. Akasema, "Mwalimu, sikujua kwamba hicho ni kitu." Ni kitu mama, ni kikubwa, mkono huo huo ndo utashika penseli.

Tena kuna kipimo kingine kinaitwa PEDS, kina maswali kumi tu, na karibu yote yanamuuliza mzazi kama ana wasiwasi wowote. Yaani wasiwasi wa mzazi wenyewe ni data. Ukiondoka na kitu kimoja kwenye makala hii yote ndefu basi ondoka na hicho, mzazi akikuambia "sijui, lakini naona kama kuna kitu," usimtulize. Msikilize.

Sasa hapa lazima niseme ukweli ambao wanaopigia debe skriningi wanauruka. Hiki kipimo kinakosea. Kinakosea kwa pande zote mbili, na kosa lake linahesabika. Chukua watoto 100, tuseme 10 kati yao kweli wana ucheleweshi unaohitaji msaada. Kipimo kinachokubalika kinatakiwa kiwe na usahihi wa kama asilimia 70 mpaka 80 kila upande, tuchukue 80. Kwenye wale 10 kitawakamata 8, wawili watapita. Kwenye wale 90 wasio na shida kitawapitisha 72, na 18 kitawanyooshea kidole bure. Kwa hiyo mezani kwako una majina 26, na wenye shida kweli ni 8. Ukiielewa hiyo hesabu unabadilika kabisa unavyoongea na mzazi, huwezi tena kumwambia "mtoto wako amefeli," unamwambia kuna kitu tukiangalie, na pengine hakuna. Na wale wawili waliopita ndo sababu skriningi haifanywi mara moja ikafungwa kabatini, inarudiwa. Madaktari wa watoto wa Marekani wanashauri ifanywe miezi 9, 18 na 30, na usonji uangaliwe peke yake miezi 18 na 24, kisha programu kama Head Start, ile ya serikali kule kule Marekani ya watoto wadogo wa familia za kipato cha chini, zina sheria kwamba mtoto akishaanza lazima awe amepimwa ndani ya siku 45. Siku 45, sio mwisho wa mwaka. Mi nikiifikiria ile miezi minne yangu naielewa hiyo sheria mpaka kwenye mifupa.

Na wale 18 je? Wengi wanasema wanasumbuliwa bure. Mtafiti Frances Page Glascoe aliliangalia hili mwaka 2001 na akaona kwamba watoto wengi walionyooshewa kidole bila kukutwa na tatizo rasmi bado walikuwa chini ya wenzao kwenye lugha, akili na masomo ya mwanzo. Hawakustahili huduma maalum, lakini kusomewa zaidi na kuongeleshwa zaidi kungewafaa sana. Kwa hiyo rufaa haikuwa bure kivile.

Nina kosa langu jingine, hili linaniuma kwa namna nyingine. Kulikuwa na mtoto wa miezi 20 kamili, nikachukua fomu ya miezi 20, mama akajaza, mtoto akashuka chini ya mpaka maeneo matatu kati ya matano. Nikamwita mama. Nikamwambia. Alilia palepale, kimya kimya, kashika ile fomu kwa mikono miwili. Usiku silali, nafungua faili la mtoto, naona kwenye karatasi ya usajili mtoto alizaliwa wiki kumi kabla ya wakati. Wiki kumi! Na utaratibu upo wazi, kama mtoto alizaliwa wiki tatu au zaidi kabla ya wakati, unapunguza zile wiki kwenye umri wake mpaka afikishe miaka miwili. Ukipunguza siku 70 kwenye miezi 20 unabaki na miezi 17 na siku kama ishirini, kwa hiyo fomu yake ilikuwa ya miezi 18. Tukarudia. Maeneo mawili yakawa sawa, moja likaangukia lile eneo la kati ambalo sio la rufaa ila ni la kufuatilia kwa karibu. Nilimwomba mama msamaha na akanisamehe, lakini ile wiki nzima aliyoishi akiamini mwanae kaachwa na wenzie siwezi kumrudishia. Siku hizi kabla sijagusa fomu naandika tarehe tatu juu ya karatasi, ya leo, ya kuzaliwa, na ile aliyotarajiwa kuzaliwa, na sianzi mpaka zote tatu zipo.

Sasa tuje kwenye maongezi na mzazi, manake fomu unaweza ukaijaza vizuri sana alafu ukaharibu kila kitu kwa dakika tano za kuongea.

Usimwite mzazi mlangoni asubuhi wakati anawahi kazini. Usimwambie mbele ya wazazi wengine. Usitume meseji. Mi namwambia mapema kabisa, mwanzo wa muhula, kwamba tutawapima watoto wote na nitakaa na kila mzazi, hivo siku nikimwita hashtuki kwanini yeye. Namkaribisha akae, naanza kwa kumwambia mwanae anaweza nini, na hapo simaanishi kumpaka mafuta, namaanisha vitu nilivyoviona kweli, jana alimwachia mwenzie gari la kuchezea bila kuambiwa, juzi alipanga vitofali saba. Alafu namuuliza yeye anaona nini nyumbani. Alafu ndo tunafungua fomu, pamoja, tunaisoma wote.

Mara moja mama mmoja alinikatisha. Akaniambia, "Mwalimu, nyoosha maneno. Unataka kusema mwanangu ni taahira?"

Nikamwambia, "Hapana mama. Nasema sehemu hii ya kuongea hajafika pale wenzie wa umri wake wengi walipofika, na sijui kwanini. Inaweza ikawa masikio, inaweza ikawa anahitaji muda, inaweza ikawa kitu kingine. Mi sio mtu wa kusema ni nini. Nataka tumpeleke kwa mtu anayejua."

"Na wakisema ana shida?"

"Basi tutajua tumsaidieje, na mi nitakuwa nae hapa kila siku."

Akanyamaza muda mrefu. Alafu akasema bibi yake mtoto alishasema baba yake naye alichelewa kuongea, alianza na miaka minne na leo ni mtu mzima na kazi yake. Hilo jibu nimelisikia mara nyingi sana na silidharau, kuna watoto kweli wanachelewa na wanafika wenyewe. Shida ni kwamba leo, ukimwangalia mtoto wa miaka miwili na nusu asiye na maneno, huwezi kujua huyu ni yule atakayefika mwenyewe au ni yule ambaye haisikii sauti yako. Kwa macho wanafanana. Ndo nilichomwambia mama, kwamba kama ni wa kama baba yake, kipimo kitatuambia hivo na tutacheka wote, na kama sio, tutakuwa tumewahi. Alimpeleka.

"Kila mtoto na wakati wake" ni msemo wa kweli kabisa na takwimu zinaukubali. Shirika la Afya Duniani lilifuatilia watoto wenye afya kwenye nchi tano, Ghana, India, Norway, Oman na Marekani, na mwaka 2006 likatoa madirisha ya hatua sita za mwili, yaani kila hatua watoto wanaianza kati ya umri gani na umri gani. Kutembea peke yake, dirisha lilianzia miezi 8.2 mpaka 17.6. Ona hiyo nafasi ilivyo pana! Mtoto wa miezi minane na mtoto wa mwaka na nusu wote wazima. Tena kama asilimia 4 hawakutambaa kwa mikono na magoti kabisa, waliruka wakasimama, na hawakuwa na tatizo lolote. Lakini dirisha lina ukingo. Kila mtoto na wakati wake, sawa, ila huo wakati una mwisho wake, na baada ya mwisho huo kusema tusubiri ni kama kumfungia mtoto nje alafu kumwambia avumilie. Ndo maana hata wale wa CDC, taasisi ya serikali ya Marekani ya kudhibiti na kuzuia magonjwa, waliporekebisha orodha yao ya hatua za ukuaji mwaka 2022 waliweka vitu ambavyo watoto kama asilimia 75 au zaidi wanategemewa wawe wanafanya kwa umri ule, badala ya nusu kama zamani, manake ukimwambia mzazi kwamba nusu ya watoto wanaweza na nusu bado, kila mtu atajiweka kwenye ile nusu ya pili na atasubiri.

Kuna jambo la lugha na mazingira ambalo linahitaji makala yake lakini siwezi kuliruka. Mtoto anayeongea lugha mbili ukimpima kwa lugha moja unamhesabia nusu ya maneno yake. Akisema maneno ishirini ya lugha hii na thelathini ya ile, huyo ana maneno hamsini, basi. Muulize mzazi kwa lugha ambayo mzazi anaota nayo. Na vipengele vingine vinauliza vitu ambavyo mtoto hajawahi kupewa nafasi ya kuvifanya, unamwuliza kama anapanda ngazi na nyumba yao haina ngazi, kama anakata na mkasi na hajawahi kuushika mkasi maishani. Hapo "bado" haimwelezi mtoto, inaeleza nyumba. Watafiti walioliona hili wakatengeneza vipimo vya huku kwetu Afrika, kuna kile cha Malawi kilichochapishwa mwaka 2010 na kikundi cha Melissa Gladstone baada ya kuona vipengele kadhaa vya vipimo vya nje haviwafai watoto wa vijijini, na kuna kile cha Kilifi, Kenya, cha kina Amina Abubakar. Shirika la Afya Duniani nalo likatoa chake mwaka 2023 cha watoto chini ya miaka mitatu, kinaitwa GSED, kimejaribiwa nchi mbalimbali. Mi kwa upande wangu nafanya kitu rahisi, mtoto ambaye hajawahi kushika mkasi nampa mkasi wiki mbili acheze nao, alafu ndo namuuliza.

Ninachokichukia, na sioni haja ya kutafuta neno laini, ni kipimo kutumika kama geti. Kuna sehemu niliwahi kufanya kazi, mzazi akija kuandikisha mtoto anapewa fomu, na mtoto akitoka chini ya mpaka mzazi anaambiwa kwa sauti ya upole sana kwamba nafasi zimejaa. Fomu ile ile. Maswali yale yale thelathini. Kitu kilichotengenezwa ili mtoto anayehitaji zaidi apate zaidi, kikageuzwa kuwa cha kumrudisha nyumbani. Nilimwona baba mmoja anamfunga mwanae viatu pale kwenye benchi baada ya kuambiwa hivo, mtoto anamshika baba nywele anacheka, hajui lolote. Nilipolalamika nikaambiwa sio kazi yangu. Kwangu mimi kama hamna mpango wa nini kitafata baada ya alama, msipime. Kabla ya kununua hata fomu moja, jueni masikio yanapimwa wapi, macho yanapimwa wapi, nani wa usemi, foleni yake ni miezi mingapi, na mwalimu atafanya nini kwenye hiyo miezi.

Manake foleni ipo, na ni ndefu. Na wakati mzazi anasubiri, mtoto anakuja kwako kila asubuhi. Yule binti wa kikombe, kati ya rufaa na matibabu zilipita wiki nyingi, na hizo wiki hatukukaa bure. Nilimhamishia karibu na mimi, mbali na dirisha la barabarani. Kabla ya kusema chochote namgusa bega, nasubiri ageuke, anaona uso wangu ndo naongea. Sentensi fupi. Nilipunguza kelele za darasa kwa kutandika mkeka chini ya vile vitofali vya mbao. Wenzie niliwafundisha kumgusa kabla ya kumwita na wakaizoea mpaka wakawa wanagusana wote. Hakuna hata kimoja hapo kilichohitaji daktari, na kumbe hata watoto wengine tisa au kumi walikuwa wanasikia vizuri zaidi.

Alafu kuna tathmini ile nyingine, ya daftari, ambayo naiona kama mwenzi wa skriningi. Fomu inakuambia mawasiliano yako chini. Daftari linakuambia kwamba jumatatu alimwita mwenzie kwa jina mara ya kwanza, kwamba anaongea zaidi akiwa kwenye maji na mchanga kuliko akiwa kwenye mkeka, kwamba akichora mstari anaangalia mkono wako kwanza. Mtaalamu ukimpelekea fomu peke yake anapokea namba. Ukimpelekea na kurasa mbili za daftari anampokea mtoto. Walimu tujue kwamba yale tunayoyaandika kwa biro inayokwisha wino ndo ushahidi ambao hakuna mtu mwingine anao, manake hakuna mwingine anayekaa na huyo mtoto saa sita kwa siku huku akiwaona na wenzie ishirini wa umri ule ule.

Andika tu ulichoona lakini. "Mvivu" sio kitu ulichoona. "Alikaa chini mara nne wakati wenzie wanakimbia, alishika goti la kushoto," hicho umeona.

Wiki hii tumeanza tena, watoto wapya, listi mpya. Safari hii nimeipanga kwa kuanzia wale ambao jina lao halijaandikwa kwenye daftari langu hata mara moja tangu wafike. Wapo watatu. Wa kwanza leo ni kijana mdogo wa miaka mitatu na miezi miwili, mpole, anapenda kukaa karibu na rafu ya vitabu. Nimefika kwenye misuli mikubwa, swali la kuruka kwa miguu yote miwili, na nikagundua sijawahi kumwona akiruka. Sijawahi kumwona asiruke pia. Nimeacha wazi hapo. Kesho wakitoka nje nitasimama karibu yake.